Firmin Achagua Moto wa Karakana

Karakana ya Firmin, seremala wa Kadutu, ilikuwa kwenye mteremko. Mwezi wa saba, asubuhi za Bukavu zina baridi ya kupenya mifupa. Baridi hiyo ilikuwa adui wa gundi yake. Gundi hiyo hupakwa ikiwa moto. Ikipigwa na baridi mapema, inaganda, na kiti kinaachia. Firmin naye alikuwa na kazi kubwa ya viti vya kanisa la Katana.

Kwa hiyo kila asubuhi aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akaliweka katikati ya karakana. Kisha alifunga mlango na dirisha ili joto lisitoroke. Alijiona mjanja kweli. Mke wake, Apolline, alikaa humo akisugua miguu ya viti kwa msasa.

"Kichwa inaniuma tena," Apolline alisema siku moja.

"Ni vumbi ya mbao," Firmin alijibu bila kuinua macho. "Kunywa maji, itapita."

Haikupita. Apolline alisimama achukue kiti kingine, akaanguka chini kama gunia. Firmin alipiga kelele, akambeba nje. Alimwita, lakini hakuitika. Cirhuza, jirani yao aliyekuwa fundi wa umeme, alikuja mbio.

"Mulaze hapa kwenye upepo!" Cirhuza alisema. "Mulegezee nguo kwenye shingo. Kiisha tumupeleke kwa munganga!"

Apolline alilala hospitali siku mbili. Alipofumbua macho na kumwita mumewe, Firmin alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Jioni ile Cirhuza alimweleza kisa chote.

"Papa Firmin, makala ya mbabula inatoa hewa mubaya. Haina harufu, na macho haiione. Ukifunga mulango, inabaki mu nyumba, na mutu anaivuta. Kichwa inauma, kiisha anaanguka. Wengine hawaamuke tena."

"Basi mimi ndiye nilitaka kumuua bibi yangu?"

"Haukujua. Sasa unajua."

Mwaka ule wa 1959 nguzo za umeme zilikuwa zimeshafika mtaani kwao. Cirhuza alimwonyesha vyombo viwili vya joto alivyokuwa akivitengeneza. Cha kwanza kilikuwa na waya wazi, unaowaka mwekundu. Cha pili kilikuwa chuma kilichofungwa pande zote, chenye mafuta ndani, na hakikuonyesha dalili yoyote ya moto.

Firmin alielekeza kidole kwenye ule waya mwekundu. "Nitatafuta kama hii! Hii ingine iko kama imekufa. Moto haionekane, itanipa joto namna gani?"

Cirhuza alicheka. Aliokota taka moja ya maranda, ukanda mwembamba wa ubao, iliyokwama kwenye nywele za seremala mwenyewe. Aliidondosha juu ya waya. Ikawaka papo hapo. Akaokota nyingine, akaiweka juu ya kile chuma. Ikatulia tu.

"Sasa leta mukono karibu," Cirhuza alisema.

Firmin alileta mkono. Joto lilikuwepo, pana na la polepole.

"Mu atelye yako ya mbao kuko maranda, kuko vumbi, kuko vanishi," Cirhuza alisema. "Waya wazi itakuchomea nyumba. Chukua ile ya kufungwa. Nitaipatia waya yake yenyewe, munene, toka kwenye ukuta. Usiiunge kwenye waya ya taa hata siku moja. Ufagie pembeni yake kila siku. Usianike nguo juu yake. Na vanishi upakie inje."

"Na dirisha?"

"Acha wazi kidogo."

"Lakini joto si itatoka?"

"Itoke kidogo. Heri joto itoke kuliko roho."

Firmin alifanya yote, neno kwa neno. Chombo kilichelewa kupasha chumba, basi alikiwasha mapema kabla ya kupasha gundi. Gundi ilishika vizuri. Viti vya Katana vilikwisha, na hakuna hata kimoja kilichoachia. Kwa mbao alizobakiza, alimtengenezea Cirhuza kiti cha mikono, akampelekea begani.

"Hii kiti ni ya nini?" Cirhuza aliuliza.

"Ni aksanti yangu. Kinywa haitoshe."

Siku iliyofuata Apolline alikuwa kazini. Hewa safi iliingia dirishani, na chumba kilikuwa na joto la kutosha. Alisugua kwa msasa, akiimba wimbo wa misa. Baada ya muda aliona mumewe ameacha randa mezani, amekaa tu anamtazama.

"Unaniangalia juu ya nini?" aliuliza.

"Kazi yako endelea nayo," Firmin alisema. "Niko naangalia vile uko unapumua."