Simu Aliyoileta Abdiel

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kupiga deki, Resiato alikwenda kumsaidia baba yake, Gadiel, katika kibanda chake cha kutengeneza simu huko Ngarenaro. Alikuwa darasa la saba. Simu yake mwenyewe ilipoanza kwenda taratibu kama konokono, alifuta programu inayoiendesha na kuweka nyingine nyepesi, baba akimsimamia. Tangu hapo sifa zikaenea mtaani kwamba Resiato ni fundi.

Jumamosi moja baba alitoka kwenda kununua vipuri. Mara Abdiel, jirani yao wa kidato cha kwanza, akaingia akihema.

"Resi, nisaidie upesi. Simu ya kaka yangu imejifunga. Ifute yote, halafu badilisha na ile namba yake ya utambulisho."

"Namba ya nini tena?"

"Wewe badilisha tu. Si uliichezea ya kwako na hakuna askari aliyekuja?"

Resiato alitaka kuonyesha ujuzi wake. Akaichomeka simu kwenye kompyuta. Kioo kikawaka, ikatokea picha ya bibi aliyevaa kitenge, na chini yake maneno: Pumzika kwa amani, Mama.

Resiato akaisogeza simu karibu. Mama yake Abdiel alikuwa hai; asubuhi ile ile Resiato alikuwa amemwamkia dukani.

"Abdi, huyu bibi ni nani?"

Abdiel akainamisha kichwa. "Simjui. Simu niliiokota kwenye benchi la zahanati. Nilimwona mwenye simu akiondoka."

"Na hukumwita?"

Resiato akachomoa waya.

Gadiel aliporudi, Resiato alimweleza yote, hata kwamba nusura aifute. Baba hakufoka. Alimwita baba yake Abdiel, akafunga kibanda, wakaipeleka simu wote wanne kituo cha polisi.

Mwenye simu alikuwa ameshatoa taarifa. Aliitwa Pudensiana, mwalimu wa chekechea kutoka Lemara. Alipoitwa na askari, alifika macho yamemvimba. Alipoipokea simu, aliifungua na kubonyeza rekodi moja, na sauti ya bibi kizee ikasikika ikiimba polepole kwa Kimeru. Hata askari aliweka kalamu chini.

"Mama tulimzika mwezi uliopita," Pudensiana alisema. "Sauti yake imebaki humu tu."

Abdiel alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilikuona ukiondoka, nikanyamaza."

Pudensiana akamshika mkono na kumwinua. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mngeifuta, mngemzika mama yangu mara ya pili."

Walipokuwa wakirudi, Resiato akauliza, "Baba, hata mimi nilivunja sheria nilipobadilisha simu yangu?"

"Hapana. Simu ni yako. Kubadilisha programu yake si kosa, na ukiiharibu, hasara ni yako. Lakini ile namba ya utambulisho sheria inakataza kuibadilisha, hata kwenye simu yako mwenyewe, maana ndiyo inayomsaidia aliyeibiwa kuipata simu yake. Na simu ya mwenzako huigusi bila ridhaa yake."

"Mimi nilishachomeka waya, baba."

"Ukauchomoa, kisha ukasema kweli." Gadiel akamwekea mkono begani. "Kuanzia leo, mtu akikuletea simu, kabla hujamuuliza ina tatizo gani, muulize ni ya nani."