Tairi la Mbele

"Dada, mkoba huo umenunua wapi?"

Mtaa mzima wa vipuri ukacheka. Aliyeulizwa alikuwa amevaa gauni la rangi ya haradali, na begani amebeba tairi la pikipiki lililolika hadi nyuzi zikachungulia. Alikwisha kupita maduka tisa na hamu ya mzaha hakuwa nayo.

"Niliponunua walikuwa na adabu," alijibu. "Unalo kama hili, au una mdomo tu?"

Muuzaji alitoka akijifuta mikono yenye povu la sabuni. Watu walimwita Upepo kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaza matairi upepo, na wenye wivu walisema kichwa chake pia alikijaza hivyo hivyo. Alilipokea tairi, akalisoma ubavuni, akaacha kucheka.

"Inchi ishirini na moja! Hii pikipiki ya babu yako?"

"Ya mjomba. Na yu hai, chunga ulimi."

"La nyuma nitakupa leo. Hili la mbele watu wamekwisha kulisahau. Unalitaka lini?"

"Nina wiki tatu. Zikipita, kazi sina."

Alimweleza: yeye ni daktari wa mifugo, na kazi hiyo aliiomba mara tatu ndipo akakubaliwa. Kituo kilikuwa milimani, kutwa nzima kwa pikipiki, na barua ilisema waziwazi: aripoti Jumatatu ile akiwa na usafiri wake mwenyewe, unaotembea. Mjomba alikuwa amempa pikipiki nzima, ila haikuwa na miguu.

"Basi, Daktari, niachie namba. Ya simu, si ya tairi."

Alimwachia. Kesho yake simu ikaita kabla hajamaliza chai.

"Nimepata fununu ya tairi."

"Wapi?"

"Njoo dukani nikwambie."

Alikwenda. Fununu ilikuwa ya uongo, lakini soda ilikuwa baridi na maneno yalikuwa matamu. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya pili walizunguka pamoja, yeye amevaa suruali ya kaki, Upepo shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Waliuliza kwa mafundi na kwenye magereji, wakarudi mikono mitupu huku wamechoka kwa kucheka.

"Tukilikosa?" aliuliza siku moja.

"Utabaki hapa, uniudhi kila siku."

"Usinitanie, Upepo. Nikikaa hapa nitaoza."

Hakutania. Usiku aligeuka kitandani kama chapati juu ya chuma, na mchana hakuweza kukaa kiti kimoja kwa dakika kumi. Aliitaka kazi yake. Na Mungu wangu, alimtaka na huyu mtu! Yote mawili yalimkaa kifuani yakigombania nafasi.

Alhamisi ya wiki ya tatu alifika dukani, Upepo hayupo. Dukani alikuwapo dada yake mkubwa, mwanamke mwenye vicheko vingi na siri chache.

"Wifi, karibu kiti."

Wifi huyo hakukaa. Macho yake yalikuwa yamepanda rafu ya juu kabisa, nyuma ya tyubu, ambako duara moja lilikuwa kubwa kuliko mengine yote.

"Lile namba ngapi?"

Dada mtu akameza mate. "Lile... Upepo kanikataza nisikuuzie. Kasema hata usilione. Mwanamume akipenda, wifi, akili inahama. Hataki uondoke."

Alimpigia Upepo; simu iliita mara moja tu.

"Nipo safarini, mpenzi, nime—"

"Usiniite mpenzi. Tairi langu liko juu ya rafu yako."

Upepo akababaika. Kubabaika huko ndiko kulikomponza.

"Daktari, lile halifai. Soma ubavuni, kuna namba—"

Alikata simu. Ukitaka cha mvunguni uiname. Cha rafuni alikifuata kwa ngazi, gauni na yote. Tairi lilikuwa jeusi la kung'aa, na vinyweleo vyake vya kiwandani havijakatika hata kimoja. Alilinunua papo hapo, dada mtu akibaki kushika kichwa.

Mjomba alilipokea uani, akalizungusha polepole mbele ya miwani yake.

"Mpwa wangu, umelisoma?"

"Ishirini na moja, Mjomba. Sawasawa."

"Hiyo saizi. Soma hapa."

Palikuwa na tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza zilikuwa wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi lile jipya lilikuwa na miaka kumi na minne. Mjomba alilikunja ubavu, na nyufa zikafunguka kila upande.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," alisema. "Hivi wewe, dawa iliyopita tarehe unamchoma ng'ombe wa mtu?"

Alikaa chini. Kila siku ya kazi yake husoma tarehe za chupa, na leo hasira imemnyima macho. Alipiga simu. Haipatikani. Ijumaa alipiga mpaka kidole kikauma. Alifagia ua mara tatu, akafungasha mzigo, akaufungua, akaufungasha tena.

Jumamosi adhuhuri Upepo alisimama mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi, na tairi mkononi.

"La mwaka huu," alisema. "Nimelifuata miji mitatu. Soma mwenyewe kwanza."

"Sisomi. Nisamehe."

"Soma, Daktari."

Akasoma, machozi yakimzuia kuona vizuri. Upepo alipiga magoti, akapaka sabuni, akalivisha tairi rimu kwa vyuma viwili bapa, mshale wa ubavuni ukielekea mbele. Alifanya kazi bila mzaha hata mmoja, na hilo lilimtia mwenziwe hofu.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu lile la rafuni?"

"Wiki hii nilipolipata nikaona limezeeka, nilifurahi. Nikasema, basi, haendi. Nilifurahi siku mbili nzima. Ya tatu nikajiona mchawi, ndipo nikaanza kuzunguka miji."

"Ungenyamaza, ningekusifu mpaka kesho."

"Unakwenda mbali. Sitaki uondoke unampenda mtu asiyekuwapo."

Alikaza nati, akazungusha gurudumu. Lilikwenda kimya, bila kuyumba.

"Tayari. Nenda."

Neno hilo lilimchoma mwanamke.

"Upepo, unataka kunioa, au unataka kunifungia tairi tu?"

Spana ikaanguka. Ndani, Mjomba akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

"Nataka kukuoa. Wallahi nataka."

"Basi usiniambie 'nenda' peke yake."

Upepo alimtazama. "Nenda urudi," alisema, akaokota spana.

Jumapili alipanda milima. Jumatatu saa mbili asubuhi karani wa kituo alimpa fomu. Penye mtu wa karibu aliandika namba ya simu ya Upepo, na penye uhusiano akaandika *MCHUMBA*, kwa herufi kubwa, akalikaza neno mpaka kalamu ikatoboa karatasi.