Taa Iliyosifiwa kwa Ubovu Wake

Kila siku akitoka shuleni, Cheche alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, kisha akaingia chumbani kwa bibi yake kumgeuzia mto na kupokea kejeli za siku hiyo. Cheche halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ya mazoea yake ya kufungua redio mbovu na kutoa cheche kila mahali. Bibi naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo zamani, na enzi zake wasimamizi walijificha wakisikia sauti yake ikipanda ngazi. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemwachia mnong'ono tu. Ukali ulibaki uleule.

"Umechelewa," alinong'ona. "Siku hizi mnafundishwa kutembea na konokono?"

"Nilikuwa namalizia taa yako, Bibi."

Taa yenyewe ilihitajika kweli. Mama alishona nguo jikoni, na cherehani ikianza kunguruma, mnong'ono wa Bibi haukuvuka hata kizingiti. Kwa hiyo Cheche alikusudia kumwekea kitufe kitandani. Bibi akikibonyeza, taa ndogo nyekundu ya LED ingewaka mbele ya cherehani, ikae kidogo hata kama kitufe kimeachiwa, kisha izime yenyewe. Wa kupima muda huo ni chipu ndogo yenye miguu minane, ambayo mwalimu wa sayansi alimpa kwa ajili ya maonyesho ya shule.

Mwalimu alikuwa amemwonya. "Mguu wa pili ndio unaosikiliza kitufe. Uwekee rezista, kile kipande kidogo cha kubana umeme, iutulize. Ukiuacha unaning'inia, utasikiliza kila upuuzi unaopita."

Cheche alijaribu bila rezista. Taa ikawaka. Akaona inatosha. Ndivyo uvivu unavyokagua kazi: imewaka, basi imekwisha.

Siku ya maonyesho, mwalimu mkuu alifika mezani kwake. Alikuwa mtu wa tai ndefu na subira fupi, aliyependa maajabu kuliko maelezo. Akanyoosha kidole. Kabla hajakigusa kitufe, taa ikawaka.

"Imeniona!" akapaza sauti. "Jamani, taa inayotambua watu!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi, aliyejua fika kwamba ule ni ubovu mtupu, alimtazama mkuu wake, akaitazama dari, naye akapiga makofi. Tena yeye ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Mwoga akishaamua kushangilia, humshinda hata mwenye sherehe.

"Uliwezaje, binti?" mwalimu mkuu akauliza.

Cheche alijua jibu. Lilikuwa fupi: nimesahau rezista. "Nilijaribu tu, mwalimu," akasema.

"Usibadilishe hata waya mmoja! Wiki ijayo anakuja mkaguzi. Lazima aione hii."

Basi taa ikarudi nyumbani na ubovu wake, sasa ukiwa na cheo. Waya mrefu wa kutoka kitandani hadi jikoni ulizidisha balaa. Mtu akipita ukumbini, taa inawaka. Paka akijikuna, taa inawaka. Mama alikuwa akiacha nguo na kukimbia.

"Abee, Mama!"

"Sijakuita," Bibi alijibu. "Umeota?"

Mama akamgeukia bintiye. "Cheche, hiki kitu chako kina wazimu."

"Hakina wazimu. Kinatambua watu. Mwalimu mkuu mwenyewe kasema."

"Basi kikamtambue yeye, mimi nina nguo za watu."

Baada ya hapo Mama akaacha kuitazama taa.

Siku moja, Cheche akiwa shuleni, Bibi aliteleza kutoka kitandani. Nyonga ikagonga sakafu, mguu ukakunjika chini yake, asiweze kuinuka. Kitufe kilikuwa mkononi. Akabonyeza. Jikoni taa ikawaka, na Mama akaendelea kukunja pindo la sketi. Bibi akabonyeza tena na tena.

Cheche alipoingia alimkuta sakafuni, midomo imekauka, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe. Akapiga yowe. Mama akaja mbio, wakamwinua pamoja. Mama alilia. Bibi hakulia.

"Bibi, nisamehe. Nilijua ni mbovu. Kuna kipande sikukiweka."

"Ulijua?"

"Walikuwa wananisifu."

"Sifa zao zingekuja kuniinua?"

Jioni ileile Cheche alitoa rezista kwenye redio iliyokufa na kuichomelea kati ya mguu wa pili na upande chanya wa betri. Mama akapita ukumbini, akarudi, akarukaruka. Taa haikuwaka. Bibi akabonyeza. Taa ikawaka.

Mkaguzi alipokuja, mwalimu mkuu alipunga mkono juu ya kitufe kama anayefukuza nzi. Akapunga tena.

"Bonyeza, mwalimu," Cheche akasema. "Ile ya mwanzo ilikuwa mbovu. Nilikosea, nikanyamaza. Nimeirekebisha."

Mkaguzi alipiga mwayo, akahamia meza ya pili, kwenye boksi lililopakwa rangi ya dhahabu na lisilo na kitu ndani. Alilisifu sana. Mwalimu mkuu akamnong'oneza Cheche, "Umeniaibisha." Nyuma yake mtoto mmoja akacheka, "Taa imepofuka!"

Cheche alirudi bila zawadi. Bibi aliposikia habari, akabonyeza kitufe. Mama akatokea palepale, sindano ingali mdomoni.

"Maji, mwanangu." Mama alipokwenda kuyaleta, Bibi akamvuta mjukuu wake karibu. "Kiwandani tulikuwa na mashine iliyojiwasha yenyewe. Msimamizi akaiita mashine changamfu. Wageni wakaipigia makofi. Nikasema ni mbovu, wakasema nina wivu." Akainua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vinne. "Wote waliopiga makofi nawakumbuka mpaka leo, na mashati waliyovaa. Sikiliza, mjukuu wangu. Kitu kibovu kikishasifiwa, hakuna anayekitengeneza tena. Sema ni kibovu kabla hakijamla mtu. Atakayenuna, na anune mpaka achoke."