Miadi ya Saa Kumi

Kiti kilikuwa cha moto. Hakikupata jua, maana pazia lilikuwa limeshushwa tangu asubuhi, wala hakuna mtu aliyekikalia siku hiyo. Daktari aliinama kuokota kalamu, akashika mto wa kiti ili ajiinue, na mkono ukaruka wenyewe. Joto lile alilijua. Mzazi yeyote aliyewahi kupapasa godoro alilotoka mtoto mwenye homa analijua.

Akajiambia ni uchovu. Watu wa kazi yake wana neno kwa kila kitu, na kitu kikizidi kutisha, neno lake huzidi urefu.

Mtaani walimwita Daktari wa Machozi, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Waliofiwa walikuja wakaongea kwa dakika hamsini, si zaidi, na dakika ya hamsini ikifika yeye alisema maneno yale yale: "Muda wetu umekwisha. Tutaonana wiki ijayo." Simu yake ilizimwa muda wote huo. Kanuni zake mbili hizo hakuzivunja hata siku moja: simu inalala, na mtu haondoki bila miadi nyingine.

Alikuwa pia na kipindi redioni kila Jumamosi, na hapo ndipo alipouambukiza mji mzima. Alieleza kwa lugha nyepesi yale aliyoyasoma kwenye vitabu vizito vya wataalamu wa nafsi: kwamba ndani ya kila mtu yumo mwingine asiyeamini kabisa kuwa atakufa, kwamba kuomboleza ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na anayeikimbia humeza maiti wake mzima mzima, akaishi naye kifuani na kumlisha nyama yake mwenyewe. Watu walilipenda neno hilo la kumeza. Wahubiri wakalichukua, walimu wakalichukua, hata kinyozi wa kona akawa anamwambia mteja mnyonge, "Kaka, wewe umemeza mtu." Wakaipenda zaidi dawa yake, kiti cha kuagana. Weka kiti kitupu mbele yako, mwambie marehemu yote uliyobaki nayo, kisha kilaze kiti chali sakafuni ili moyo ujue kwamba umemaliza. Ukiingia nyumba ya msiba katika mji ule ulikuta kiti kimelala sebuleni, na watu wanakiruka na vikombe vyao vya chai.

Kiti cha Daktari mwenyewe kilikuwa bado kimesimama.

Binti yake alikufa akiwa na miaka minane. Kwa mdomo aliokuwa nao, jina la kuzaliwa lilisahaulika mapema, wakamwita Chiriku. Homa ilimpanda darasani siku ya Jumanne, saa kumi kasoro, wakati watoto wanafunga mabegi. Mwalimu alipiga simu ya mama, lakini mama alikuwa ameshaanza kusikiliza kilio cha mtu mwingine na simu imelala. Mwalimu akapiga ya baba. Baba Chiriku, fundi wa majokofu, alimbeba mtoto hadi hospitali mikono ikiwa bado na grisi. Mama alipowasha simu alikuta ametafutwa mara kumi na saba. Alipofika wodini, shuka lilikuwa limeshavutwa hadi juu.

Hakulia. Wiki moja baadaye alirudi kazini, akafungua daftari la miadi, na kwenye saa kumi ya Jumanne akaandika: Chiriku. Akaweka kiti, akakaa mbele yake, akasema yote. Dakika hamsini zilipotimia ilibaki kukilaza tu. Lakini mdomo wenye mazoea ya miaka ukajisemea: "Muda wetu umekwisha, mama. Tutaonana wiki ijayo." Kwa mwanadamu hiyo ni adabu ya kuagana. Kwa kiumbe kisicho na kwao, kinachozurura kikitafuta mlango, huo ni mwaliko.

Baada ya joto ikaja sauti. Tok, tok. Visigino vya mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni, vikigonga mguu wa kiti. Kisha harufu ya dawa ya homa, ile ya maji yenye ladha ya chungwa, ambayo Chiriku alikuwa akiitema kwenye shuka na kusingizia paka. Na Jumanne ya nne, mchana mweupe, magari yakipita nje na muuza magazeti akinadi, kiti kikasema polepole, "Mama, nimekuja. Si uliniambia wiki ijayo?"

Daktari alijua vitabu vinasemaje. Angeweza kulitolea somo jambo hilo. Akaitika. Hata wewe ungeitika.

Nje ya chumba palikuwa na benchi la wanaosubiri. Baba Chiriku alikuja kukaa hapo kila Jumanne, sanduku la vifaa miguuni, amngoje mkewe warudi pamoja.

"Unaongea na nani humo?" aliuliza siku moja.

"Na mgonjwa."

"Mbona simwoni akitoka?"

"Hizo ni siri za kazi, Baba Chiriku."

Mumewe akainua sanduku lake. Tangu msiba yeye alikuwa ameacha kumwita Mama Chiriku, alimwita "wewe" tu, na kila mara alisita kidogo kabla ya kulisema. Walifika karibu na nyumbani ndipo akauliza tena, kama mtu anayefanya mzaha.

"Na mimi je, siwezi kupewa miadi?"

"Daktari hamtibu mume wake. Ni kanuni."

"Haya," alisema, akahamishia sanduku mkono wa pili.

Miezi ikapita. Mwanzoni mtoto wa kitini alisimulia mambo matamu, michezo, marafiki, meno yaliyong'oka, na mama akacheka hadi akashika mbavu. Kisha ikabaki habari moja tu. "Mama, siku ile ulikuwa wapi?" Mama alieleza. Wiki iliyofuata swali lilikuwa pale pale, kwa sauti ile ile, kana kwamba halikuwahi kujibiwa, naye akaeleza tena, na kila alipoeleza joto la kiti lilipanda na yeye akatoka chumbani miguu haimbebi, nguo zinampwaya, wagonjwa wa Jumatano ameshawafuta, wa Alhamisi pia, hata redioni wakawa wanarusha vipindi vya zamani. Na kulikuwa na jambo alilolitambua na kukataa kulitazama: mtoto yule aliongea dakika hamsini nzima bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Mgonjwa wake pekee aliyebaki alikuwa mama mmoja wa makamo, mwosha maiti wa hospitali, aliyekuja Jumanne saa tisa kwa sababu usingizi ulimkataa. Siku hiyo alisimama kizingitini, asiingie.

"Daktari, humu mna mtu," alisema kwa sauti ya chini.

"Hamna mtu, mama. Karibu."

"Nisikilize mimi leo, mwanangu." Alikitazama kiti, akarudi hatua moja. "Miaka thelathini naosha maiti. Vichanga, wazee, mabibi harusi. Maiti ni baridi. Baridi yake hata uikumbatie haiondoki. Kitu chenye joto kikijiita marehemu, kinakudanganya."

Daktari alitaka kubisha. Badala yake akaketi kwenye benchi, na mwosha maiti akaketi kando yake.

"Ni jini?" aliuliza kwa kunong'ona, akiona aibu kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Ninyi wa vitabuni mna jina lenu. Sisi tunaliita jini. Linakula yale ambayo mtu hakumaliza kuyasema. Mtaani kwetu kila nyumba ilikufuata, wamelaza viti vyao. Wewe uliyetufundisha hukulaza chako."

"Ana sauti yake, mama. Anajua hata habari ya paka."

"Na wewe huijui habari ya paka?"

Daktari akageuka kuutazama mlango wa chumba.

"Amewahi kukwambia lolote ambalo hukulijua? Hata moja?" Mwosha maiti alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na baridi, mkono wa kazi. "Mwulize jambo ambalo mama hakuliona. Akishindwa, mfungie mlango. Na usimpe miadi, mwanangu. Anaingia kwa hiyo miadi yako."

Saa kumi ilipofika Daktari aliingia. Harufu ya chungwa ilikuwa nzito hadi macho yakawasha, na visigino vilikuwa vimeshaanza, tok, tok, na kabla hajakaa swali likaja, mama, siku ile ulikuwa wapi, na safari hii hakulijibu, akauliza kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "Wewe ulimwambia nini baba, mwisho kabisa? Ulimwambia nini?", na visigino vikanyamaza, na muuza magazeti akanyamaza, na ukimya ukakaa chumbani muda mrefu, kama mtu anayepekua kabati la mwenzake gizani, droo baada ya droo, akitafuta kilichomo.

"Nilimwambia mama hanipendi," kiti kikasema.

Maneno yale yale. Yale aliyokuwa akiyaogopa tangu wodini, neno kwa neno, ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Alifungua mlango. Mumewe aliinua kichwa pale kwenye benchi.

"Baba Chiriku. Mtoto alisema nini? Mwisho."

Katika miezi yote ile hakuwahi kumuuliza. Mwanamume akaitazama mikono yake.

"Aliuliza kama jokofu la mwenye duka limepona. Nilikuwa nimeliacha wazi. Nikamwambia bado. Akasema, basi aiskrimu zitayeyuka baba, rudi ukamalize." Akafuta grisi kiganjani. "Ndiyo hayo tu."

Daktari akacheka, maana ndiye yeye kabisa, ndiye Chiriku. Akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

"Muda wetu umekwisha," alisema.

Akanyamaza hapo. Kiti kikasubiri maneno yaliyobaki.

"Tutaonana wiki ijayo, mama?"

Akashika mgongo wa kiti. Viganja vikaungua.

"Wiki ijayo, mama? Mama, wiki ijayo? Nitakuwa na baridi. Sitauliza tena ulikuwa wapi. Mama, sitauliza tena."

Kama kingenguruma ingekuwa nafuu, kingetoa meno, kingekuwa na kwato, angekisukuma kwa hasira na yangeisha. Kililia kwa sauti ya mtoto wake, kilio cha usiku wa kuota meno, na mama akakiinamisha kiti taratibu, kama mtu anayemlaza aliyesinzia begani, hadi mgongo ukagusa sakafu. Joto likatoka. Harufu ikatoka. Ukabaki mti na kitambaa.

"Mwanangu amekufa," alisema, na ndipo alipolia, miezi mitano yote kwa mara moja. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, amesikia yote, uso umemwisha rangi. Alikuja akamwinua. "Twende, Mama Chiriku," alisema. Njia nzima hakusema neno lingine.

Daktari alilala usingizi wa kweli wiki hiyo. Alikula. Jumanne alikwenda redioni kurekodi kipindi kipya, akachelewa kurudi, akapanda ngazi za ofisi yake saa kumi na dakika kumi. Benchi lilikuwa tupu. Sanduku la vifaa lilikuwa peke yake sakafuni.

Mezani daftari la miadi lilikuwa wazi. Saa kumi ya leo ilikuwa imejazwa, na ya wiki ijayo, na nyingine zote hadi mwisho wa kurasa, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye mabati: Baba Chiriku.

Alikwenda hadi mlangoni, akashika kitasa. Kilikuwa cha moto. Nyuma ya mlango, tok, tok. Tok, tok.

"Baba," sauti ilisema, "mbona uliniambia mama ameshafika?"

Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

"Uliniambia yuko mlangoni anavua viatu. Nikatazama mlango, baba. Nikatazama hadi mwisho."

"Nilitaka usiogope," mumewe alisema, na akaanza kulia, yeye ambaye hata kaburini hakudondosha chozi. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka tu usiogope."

Jambo hilo Daktari hakulijua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akili yake ilijua vizuri sana linatoka kifuani mwa nani, na linaliwa na nani, na sentensi ya kulifunga ilikuwa mdomoni mwake, maneno matatu tu. Lakini moyo ulisikia kwamba mtoto alitazama mlango, akimngoja yeye, na moyo ulitaka kuisikia habari ya mlango huo hadi mwisho. Na mwanamume yule ndani alikuwa amengoja kwenye benchi miezi mitano, na hizi zilikuwa dakika zake kumi za kwanza.

Akaachia kitasa. Akaketi kwenye benchi kando ya sanduku la vifaa, akatoa simu mkobani, akaizima, akasubiri zamu yake.