Mnyoofu na Wimbo wa Pasi

Kila asubuhi duka la dobi lilianza na wimbo wa Mnyoofu. "Ukosi, mabega, mikono, mgongo!" Tangu ujana wake alipiga pasi na kukunja mashati kwa mpangilio huo huo. Alizaliwa na hali ya kimaumbile iitwayo Down. Mtaa mzima ulimjua kwa mikunjo yake iliyonyooka, ndiyo iliyompa jina hilo.

Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, na wimbo ulikuwa unamkatikia njiani.

"Ukosi..." alisema, akasimama, akaikodolea pasi macho. Moshi ukapanda.

"Kaka! Unaunguza!" Mdogo wake wa kike, dobi mwenye duka, aliruka akaichomoa. Shati jeupe lilibaki na doa la kahawia. "Umeanza jeuri ukubwani?"

"Sina jeuri, mdogo wangu. Shati limenikimbia."

Dobi aliogopa moto. Lakini aliogopa zaidi kwamba kaka yake alikuwa anamponyoka, hali amesimama pale pale mbele yake.

Mwenye shati alikuwa muuguzi. Alipolifuata, dobi aliomba radhi, akaeleza jinsi kaka yake alivyoanza kusahau, huku machozi yakimlengalenga.

"Achana na shati, shoga yangu. Anasahau tangu lini?"

"Miezi sasa. Nimemgombeza mpaka koo limenikauka."

"Huenda si jeuri. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi za urithi, zinaitwa kromosomu. Wengi wetu tunazo mbili mbili. Mnyoofu ana tatu za namba ishirini na moja, na hiyo ndiyo hali ya Down. Hiyo ya ziada hufanya protini moja izidi kwenye ubongo. Ikirundikana kwa miaka, inaweza kuleta ugonjwa wa Alzheimer mapema kuliko kwa watu wengine."

"Basi kaka yangu ndiyo kwisha?"

"Nani kakwambia? Mpeleke hospitali kwanza. Masikio mazito, tezi ya shingo, hata huzuni, vyote humvuruga mtu, na vinatibika."

"Na mimi je? Tumetoka tumbo moja."

"Kwa kawaida hali yake hairithiwi. Usijibebeshe ugonjwa usio wako."

Dobi hakulala vizuri mpaka walipokwenda hospitali. Masikio ya Mnyoofu yalikuwa yamezibwa na nta. Yakasafishwa, akasikia vizuri. Lakini kusahau hakukuisha. Baada ya vipimo vingine, daktari alisema ni Alzheimer kweli. Dawa ya kuuponya haipo, ila upole na ratiba isiyobadilika vingemsaidia.

Dobi akaichukua pasi. Mnyoofu akabaki na kukunja, upande wake ule ule wa meza. Kelele zikakoma dukani, na mashati hayakuungua tena.

Asubuhi moja Mnyoofu aliganda, shati mkononi. Dobi alihisi ile hofu ikimpanda. Hakufoka. Aliimba taratibu, "Ukosi..."

Mnyoofu alimtazama, kisha akalitazama shati.

"Mabega!" akasema hatimaye, akicheka. "Kumbe na wewe unasahau, mdogo wangu?"