Karatasi Nyekundu Jikoni Masaka

Kaliza alikuwa ameinama juu ya gunia la unga wa muhogo, gauni lake la kitenge cha njano likigusa sakafu, akimulika unga kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Soko la Kimironko lilikuwa limefurika, na mwenye gunia, Achille, hakupenda alichokiona.

"We dada, unatafuta noti bandia kwenye unga wangu?"

"Natafuta sumu."

"Mungu wangu! Sema polepole, wateja wanasikia!"

Kaliza akacheka. Alikuwa mkemia, akaeleza kwamba ametengeneza rangi inayokamata anioni, yaani chembe yenye chaji hasi, moja tu, sianidi, ile inayobaki kwenye muhogo usiolowekwa vizuri. Karatasi ya njano iliyopakwa rangi hiyo ikikutana na sianidi hugeuka nyekundu, na chini ya tochi huwaka. Kwa unga wa Achille, ilibaki njano.

"Basi nimefaulu. Zawadi yangu ni namba yako ya simu."

Akapewa. Lakini Achille huyo alizaliwa na wasiwasi, jamani! Hata mapenzi yalipokolea, wakiitana chérie huku, sha kule, Kaliza akichelewa kupokea simu tu, yeye anajiuliza kama hakutumwa na wakaguzi wa soko.

Siku moja Achille akamwambia kwenye simu, "Mama akila siku hizi anapata kizunguzungu. Uzee tu." Kaliza hakulisahau hilo.

Jumapili wakaenda Masaka, nyumbani kwa mama yake Achille. Mama huyo, Pudentienne, akamimina pombe ya ndizi, akaonja kwanza yeye, kama mwenyeji yeyote wa huku anayetaka mgeni aone kikombe hakina sumu. Ndipo akampa. Kaliza akanywa, akashukuru.

Baadaye Achille akamkuta jikoni peke yake, na chupa ndogo yenye maji na unga wa mama. Karatasi ndani ilikuwa nyekundu kama pilipili.

"Mama kaonja mbele yako, bado unamwona mlozi, mtia sumu?"

"Siyo hivyo, mpenzi. Muhogo haukulowekwa vya kutosha..."

"Na kwa nini umejificha?"

Kaliza alikuwa amejificha kwa aibu, maana ungeanzaje kumwambia mama wa mchumba wako kwamba unga wake una sumu? Naye mama alikuwa mlangoni, amesikia neno "mlozi" tu. Akaanza kulia.

Jioni Achille akapiga simu. "Nani alikutuma?"

"Kizunguzungu cha mama yako ndicho kilichonituma!"

Achille akakata. Huko nyumbani kwake Kibagabaga, Kaliza alilia mpaka macho yakavimba. Alimpenda mtu yule, na amemkosa kwa kuficha jambo jema.

Mama Pudentienne naye, kwa hasira, hakuugusa tena ule unga. "Unga uliotukanwa siuli," akasema, akawa anakula viazi. Wiki zikapita, kizunguzungu kikaisha. Mama si mjinga. Akamwita mwanawe: "Nipeleke kwa yule msichana."

Kaliza alipofungua mlango, Achille alikuwa nyuma ya mama yake, shati limenyooshwa, macho chini.

"Nisamehe, sha. Nilikufikiria vibaya."

Mama hakungoja jibu. Akatoa pombe ya ndizi, akamimina, akamnyooshea Kaliza kikombe.

"Sijaonja," akasema. "Umeona mwenyewe."

Kaliza akatazama karatasi zake mezani. Kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

"Huyo ndiye mkwe wangu!" mama akasema, akafuta machozi. "Sasa nipe zile karatasi. Muhogo mpya uko kwenye maji, na harusi haipangwi mpaka nione njano."