Mizizi ya Domitila

Kila Jumatano wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja kule Mchombe walishinda kwenye majaruba ya shule, kila mmoja na jaruba lake dogo la mpunga. Jumatano ya kupandikiza, Agnella alifika na hasira zake zilezile. Domitila, mwenzake wa darasa, alikuwa amemsingizia kwamba alinakili mtihani, naye akavuliwa ukiranja mbele ya shule nzima. Hilo hakulimeza.

"Domi, lete nikubebee miche yako," alisema pale kitaluni, sauti tamu kama asali.

Domitila alimshukuru! Nyuma ya matete Agnella alitoa kisu, akakata mizizi yote, akapaka tope vishina vya miche ili asijulikane, kisha akampelekea Domitila akaipanda. Moyo wake ulipoa kabisa.

Siku nne miche ya Domitila ilinyauka. Agnella hakupalilia kwake. Kila siku alikwenda kuitazama ikifa, na kila siku alicheka peke yake. Lakini miche ile ikagoma kufa. Kufikia wiki ya tatu ilikuwa ya kijani kibichi, imejaa machipukizi, huku mpunga wa Agnella umemezwa na magugu.

Mwalimu Salvatory alikuja kukagua, akang'oa mche mmoja wa Domitila. Mizizi mipya ilikuwa myeupe, imesongamana.

"Mche huu ulikatwa kwa kisu," alisema, akionyesha ncha za mizizi ya zamani. "Majani machanga hutengeneza homoni inayoshuka mizizini. Mizizi ilipokatwa, homoni ilijaa chini ya shina, ikaamsha jeni zinazootesha mizizi. Nani alikata?"

Agnella alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisasi chake kilikuwa kimemstawisha adui!

"Ni mimi, Mwalimu. Alinisingizia, nikataka akome."

Domitila aliangua kilio. "Ni kweli, Mwalimu. Hakunakili. Nilimwonea wivu."

Mwalimu aliwatazama wote wawili.

"Agnella, kesho utarudishiwa ukiranja mbele ya shule nzima, na Domitila ndiye atakayesema kwa nini. Lakini ukionewa, njoo useme, usishike kisu. Ulikesha na mpunga wa mwenzako, wako ukaliwa na magugu. Tena mche ukikatwa, homoni zitauotesha mizizi mingine. Urafiki hauna homoni, wanangu. Huo mtauotesha wenyewe, kwa kuombana radhi. Haya, ingieni topeni mkapalilie jaruba la Agnella, wote wawili."